Manjano Ndani ya Meupe

Kabondo, Kisangani, 29 Machi 1964

Alfani mutoto wangu,

Salamu kwanza, matata baadaye. Tuko wazima, mimi na muke wako. Mimi nasema, Célestine anaandika, maana kalamu inanichosha kuliko jembe.

Tonton Nicolas, mujomba wako, alishusha viloba vyako vya mbegu kutoka kwa mashua, havikulowa. Kimoja mahindi nyeupe, kimoja manjano. Célestine alinisomea karatasi yako, kiisha akanisomea tena. Unasema hii mahindi ni ibiridi, mbegu iliyozaliwa na koo mbili zilizochaguliwa, sawa vile mutu anavyochagulia binti yake mume. Unasema tuzipande zote mbili ndani ya shamba moja la njia ya Ituri, kando kando: nyeupe upande wa kijito iwe yangu, manjano upande wa barabara iwe ya Célestine, kamba katikati, siku moja. Tuone ipi inapenda udongo wa kwetu.

Bon. Kando kando tumefanya. Kamba tumefunga. Lakini hiyo "siku moja" uliitoa wapi, Alfani? Kwa nyumba ya baba yako mama wa nyumba ndiye anafungua udongo. Bibi yako alipanda kwanza, mimi nikangoja mpaka yake ionyeshe majani, ndipo nikatia yangu. Hakuna aliyekufa na njaa. Donc, yangu iko ndani ya udongo tangu Ijumaa iliyopita, na muke wako atangoja yangu itoke. Amenuna. Nimemwambia aandike kwamba amenuna, na ananuna akiandika.

Na wewe utakuja lini? Tumbo la Célestine linaanza kuonekana. Hiyo kazi yako ya kufundisha watu wa Yahuma kulima mimi siielewi. Walikuwa wanakula nini kabla ya wewe kufika? Omba ruhusa, ukuje. Mama anayeishi na mukwe bila mutoto wake katikati ni kama chungu juu ya mafiga mawili.

Mama yako,
Mwanahamisi

Alfani, hapa chini ni mimi, Célestine. Nilimwambia siku moja ni siku moja. Alinijibu nikamuulize baba yangu, muvuvi wa Wagenia, kama mutego wa mutoto unaingia maji mbele ya mutego wa baba. Mbegu yangu iko juu ya dari ya jikoni, panya wanaiangalia kila jioni kama watu wa misa.


Yahuma, 26 Aprili 1964

Mama yangu mpenzi,

Barua imenikuta na homa kidogo, na baada ya kuisoma homa imepanda. Mama! Niliandika "siku moja" kwa wino mwekundu. Wino mwekundu ninao kidogo sana, chef ananipimia. Kama ningetaka kila mtu apande siku anayotaka, ningetuma mbegu bila karatasi.

Kuna sababu. Ni ndefu, ni ya darasani, na barua hii inangojewa na kamioni. Ulitakiwa kunifuata tu. Enfin, imeshapandwa. Mpalilie mapema, msiache majani yafike magotini. Na msipande mihogo ndani ya mistari, tafadhali, najua mnavyopenda kuchanganya.

Nitakuja Agosti, kabla ya mtoto. Hiyo ni ahadi. Usimgombeze Célestine. Yeye ni mtu wa kunyamaza, lakini mtu wa kunyamaza akianza kuondoka harudi kwa kuitwa.

Mwanao,
Alfani


Kabondo, 30 Juni 1964

Alfani,

Usishangae mwandiko. Ni mimi mwenyewe, na herufi za foyer social, kule walikotufundisha wanawake kusoma, moja moja kama kuku anaokota. Yule aliyekuwa ananiandikia ndiye nataka kumushitaki kwako, alors ningemwambia aandike namna gani?

Leo ni siku ya indépendance, siku ya uhuru. Fanfare ya matarumbeta inapiga kule mujini, watoto wamevaa soksi. Mimi nilienda shamba kutafuta mahindi ya kuchoma. Nikafungua hindi la kwanza upande wangu: nyeupe, nyeupe, nyeupe, manjano. Nikasema ni macho yangu. Nikafungua la pili: manjano zimekaa katikati ya nyeupe kama watu waliokuja kwa ndoa bila kualikwa. Na kadiri nilivyosogea kwenye kamba, ilizidi. Mahindi mengine nusu nzima imegeuka. Nikavuka kamba, nikafungua ya Célestine. Manjano tupu. Nyeupe hata moja, hapana!

Sasa niambie, wewe uliyesoma. Kama mbegu zilichanganyika ndani ya viloba, zingechanganyika pande zote. Hii imeingia upande wangu tu. Kila mutu anajua mbegu mbili za namna mbili ndani ya shimo moja zinashikana mizizi na kunyonyana, moja inatia rangi yake kwa nyingine. Nani alikuwa na mbegu ya manjano? Nani alinuna? Nani aliiangalia juu ya dari wiki moja na nusu, akifikiri ya moyoni?

Nikamuuliza. Ilikuwa njiani, pale wanawake wanapopumzisha vikapu. Mama Fatouma alikuwapo, na Pélagie muke wa fundi velo, yule wa baiskeli, na wengine wa njia ya Ituri. Nikasema, "Mukwe, ulitia mbegu yako ndani ya mashimo yangu?"

Alicheka. Alfani, alicheka! Akasema, "Mama, na tumbo hili niinamie shamba la mutu mwingine? Langu tu linanivunja mugongo."

Pélagie naye akacheka, na yule akicheka wanamusikia mpaka ng'ambo. Basi damu ikapanda. Nikasema lile neno. Nikasema yeye ni mwizi wa shamba, anaharibu mbegu ya mwenzake ili yake ionekane, na kwamba kwao kule kwenye maporomoko ndiyo wanafundishwa kuchungulia mitego ya watu. Sauti yangu unaijua.

Aliweka kikapu chini. Mama Fatouma akaniambia, "Mwanahamisi, meza mate." Nikameza, lakini neno lilikuwa limeshapita.

Jioni alifunga nguo zake akaenda kwa baba yake. Mimi sikumufukuza. Tia hiyo ndani ya kichwa chako: sikumufukuza. Nilisema tu kwamba mulango haukufungwa.

Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia maji ndani ya mutungi. Nikipika nasahau, napika ya watu wawili, kiisha naikasirikia sufuria. Na watu wanasema kule upande wa mashariki vijana wanapigana na soda, askari wa serikali, wanapakwa dawa, eti risasi inageuka maji. Sipendi hizo sango, hizo habari. Ukuje upesi. Ukuje uamue.

Mama yako,
Mwanahamisi


Kwa baba, Wagenia, 5 Julai 1964

Alfani,

Mama yako ameshakuandikia, najua, maana alinunua karatasi kwa duka la jirani yetu na akamwambia mwenye duka sababu.

Sikuingia mistari yake. Sikutia hata punje moja. Rangi ile imetoka wapi sijui, na kusema kweli sasa hainihusu. Kwetu hapa mutego wa mutu hauguswi hata kama mwenyewe amekufa, mpaka ukoo wake ukae na kusema. Baba yangu alizaliwa ndani ya sheria hiyo. Mama yako akamuita binti yake mwizi wa mitego, mbele ya Pélagie! Habari ilifika hapa kabla ya miguu yangu. Kaka zangu walitaka kwenda kuvunja mulango wenu. Baba akawazuia, lakini tangu siku ile hasemi jina lako, anasema "yule wa mahindi".

Usitume tonton kuja kuniomba. Usitume kitenge. Mama yako alilisema neno mbele ya watu, aje aliondoe mbele ya watu wale wale. Bila hiyo mutoto atazaliwa hapa, atapewa jina la hapa, atabatizwa kwa padri, na wewe utakuja kumuangalia kama mugeni, utapewa kiti na samaki, kiisha utaenda.

Na wewe nina neno nawe. "Kuna sababu, ni ya darasani." Kama ungeiandika ile sababu, ningesimama mbele ya mama yako nikapigania ile siku. Ulituandikia kama watoto wa kalasi ya kwanza. Tazama tulipofika.

Célestine


Yahuma, 18 Julai 1964

Mama,

Nimepokea barua mbili kwa siku moja, na sijui ipi ilinichoma zaidi. Kaa chini. Kama macho yamechoka, mpe mtu akusomee, lakini si Pélagie.

Célestine hakufanya kitu. Ni upepo.

Sikiliza. Hindi lina mume na mke juu ya shina moja. Ule mkia wa juu kabisa ni mume, anatoa vumbi laini la manjano, karibu kama unga. Zile nywele zinazotoka kwenye hindi ni mke. Kila unywele mmoja unangoja chembe ya vumbi, na kila chembe inazaa punje moja. Upepo ukipita unabeba vumbi la shamba lote, hauoni kamba yako. Vumbi la mahindi ya manjano likianguka kwenye nywele za mahindi meupe, punje inatoka manjano pale pale, juu ya hindi jeupe. Vumbi jeupe nalo liliingia kwa Célestine vilevile! Lakini manjano ina nguvu, inafunika, jicho halioni. Ndiyo maana ulidhani kosa ni la upande mmoja.

Sasa ile sababu. Mahindi yako meupe yanachelewa kutoa maua. Ya Célestine yanawahi, kama wiki moja na nusu. Yakipandwa siku moja, vumbi la manjano linakwisha kabla nywele zako hazijatoka, hayakutani. Wewe ulitangulia kupanda, ukamfanya angoje wiki moja na nusu. Mama, uliyapa siku moja ya kuolewa. Mtu akitaka kuyachanganya kwa makusudi hafanyi vizuri kuliko ulivyofanya.

Kosa la kutokuandika sababu ni langu. Célestine amenigombeza, na ana haki. Lakini lile neno ni lako, siwezi kukuondolea. Nenda kwa Mama Fatouma, kwa Pélagie, kwa wale wote, useme mbele ya Célestine kwamba si mwizi. Nakuja Agosti. Nataka mtoto wangu azaliwe nyumbani.

Alfani


Kabondo, 28 Julai 1964

Alfani,

Upepo.

Nilikuzaa, nikakubeba mugongoni mpaka Ubundu na kurudi ulipokuwa na surua, nikauza bangili zangu usome, na leo unaniandikia upepo. Upepo iko na mikono? Upepo unajua kuchagua rangi? Na hayo mambo ya mume na muke juu ya shina moja, tafadhali usiyafundishe mbele ya watoto wa watu.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilikuwa shamba, nikapita kwa mistari ya Mama Fatouma, alichelewa kupanda, yake sasa ndiyo inatoa mikia. Hakuna mutu aliyekuwapo. Nikashika mukia mumoja nikautikisa. Vumbi lilianguka juu ya kitambaa changu cha kichwa, na upepo kidogo ukalichukua, likaenda, nikaliona linaenda. Sisemi ni kweli. Nasema niliona.

Kiisha nikakaa chini pale pale, na jua lote lile.

Lakini Alfani, wewe ni mwanaume, hujui njia ya wanawake. Mama mukwe akaombe musamaha kwa mutoto mbele ya Pélagie? Yule atalifanya wimbo! Nilitafuta njia nyingine. Nilingoja Maulidi ipite, kiisha nikamutuma tonton Nicolas kwa Papa Timothée, baba ya Célestine, na kikapu cha unga na chupa ya mafuta ya mawese. Vikarudi. Vilirudi vyote, hata kitambaa cha kufunikia kilirudi kimekunjwa vizuri. Papa Timothée alimwambia Nicolas, "Sisi hatukuibiwa unga, tuliibiwa jina."

Nitaenda mwenyewe. Nimesema nitaenda. Wiki ijayo, nikishapata neno la kuanzia. Kila asubuhi navaa, naanza njia, kiisha nakumbuka nimeacha moto.

Soda wanapakia vitu vyao ndani ya kamioni, wake zao wanalia. Wanasema wale vijana wameshachukua miji mingine yote na wanashuka huku. Kama uko njiani, ukuje upesi. Kama hauko njiani, ufanye upesi uwe njiani.

Mama yako


Yahuma, 30 Agosti 1964

Mama,

Barua hii naipa mtu wa mtumbwi ambaye simjui, sina mwingine. Hakuna mashua, hakuna kamioni, chef ameondoka na funguo. Tulisikia Stan, Kisangani yetu, imechukuliwa tangu mwanzo wa mwezi. Nilianza safari, nikafika Basoko, nikarudishwa na watu wa bunduki, wakanivua viatu.

Nijibu neno moja tu. Célestine yuko wapi?

Alfani


Kabondo, 11 Oktoba 1964

Alfani,

Barua yako ilifika imekunjwa ndani ya mukate wa muhogo. Mama yako ameniachia nijibu, anasema macho yanamuuma. Hayamuumi. Anaogopa utamuuliza alivyofanya.

Niko nyumbani. Kwenu, Kabondo. Una binti. Alizaliwa mwisho wa Septemba, mimi ni muzima, yeye ni muzima, jina lake Aziza. Mama yako ndiye alimupokea, maana mukunga hakuweza kuvuka kona ya soko. Soma hapo tena kama unataka, kiisha urudi nikusimulie mengine, maana yeye hatakuambia.

Ilikuwa wiki ile Simba, wale vijana wa dawa ya risasi, waliingia. Kila mulango wa muji umefungwa. Kule kwetu hata mitego haikushushwa, na hiyo unajua haijaonekana. Sisi tumekaa ndani, tunasikia risasi upande wa camp ya soda. Mara baba akasema, "Nani yule anapiga hodi kama polisi?" Kaka akachungulia. "Ni mama wa yule wa mahindi."

Alikuwa amevaa buibui lake la Idi. Vumbi mpaka magotini.

Baba akafungua kidogo tu, akasema, "Mama Alfani! Umekuja kuchungulia mitego?"

Akajibu, "Nimekuja kurudisha neno. Nipe Célestine, twende kwa wale wanawake."

"Leo?"

"Leo."

Mimi nikatoka. Nikamwambia, "Mama, hakuna mutu njiani. Wamejifungia wote. Utasema mbele ya nani?"

"Mulango uko na masikio," akasema, na akageuka akaanza kwenda. Hakuangalia kama namfuata. Alfani, nilimufuata kwa hasira, si kwa huruma. Nilifikiri: huyu atauawa, kiisha watasema ni mimi nilimutuma.

Kwa Mama Fatouma alipiga mulango na kiganja.

"Nani?"

"Mwanahamisi. Nimekuja kusema."

"Sema kesho! Hausikii wanapita?"

"Kesho nitakuwa nimepata sababu nyingine. Fatouma, ulinisikia njiani nikimuita Célestine mwizi. Célestine si mwizi. Ilikuwa upepo, na ni mimi nilimuchelewesha kupanda."

Mama Fatouma, kwa tundu la ufunguo: "Tumesikia! Ingia basi, muwendawazimu we!"

"Siingii. Pélagie bado."

Na Pélagie anakaa wapi? Pale kwenye kona, na kwenye kona ndipo vijana wameweka kizuizi cha miti, majani kichwani, mikuki, mumoja ana bunduki kubwa kuliko yeye. Nikamuvuta nguo. Akaninyang'anya nguo. Akasimama mbele ya mulango wa fundi velo, akatoa ile sauti, ile ile ya siku ile, haikupungua hata kidogo. Barabara nzima ilisikia kwamba mimi, Célestine binti ya Timothée, sikuiba.

Yule wa bunduki akaja. "Mama, kelele gani?"

"Mambo ya mahindi," akasema. "Wewe mama yako anajua uko hapa?"

Nilifunga macho. Yule kijana akauliza, "Mahindi gani?" Na mama yako, Alfani, akaanza kumueleza! Mukia wa juu ni mume. Nywele ni muke. Upepo hauoni kamba. Akanyoosha mukono kuonyesha vumbi linavyokwenda, na wenzake wakasogea kusikiliza, na Pélagie alikuwa amefungua dirisha nusu, mudomo wazi. Nikaona akimaliza na hawa ataenda kutafuta wale wa njia ya Ituri, na njia ya Ituri ndiko maiti zilikuwa.

Nikamushika mukono. "Mama, imetosha. Nimesikia."

"Bado wale wengine."

"Hao nimewasamehe mimi mwenyewe. Twende."

"Twende wapi?"

Hapo ndipo nilikwama. Kwa baba yangu ni upande huu, Kabondo ni upande ule, na yule kijana na bunduki yake anangoja kuona. Nikasema, "Nyumbani. Umeacha moto."

Akasema, "Kweli, niliacha."

Tulitembea upesi mpaka mulangoni. Pale akaniuliza kama nimekula. Ndiyo hivyo nilirudi. Usinisifu, na yeye usimusifu, atavimba.

Célestine


Kabondo, 20 Desemba 1964

Alfani mutoto wangu,

Mwandiko ni wangu tena. Célestine yuko, lakini leo hatusemezani, nitakuambia kwa nini.

Anasema alikuandikia mambo ya ile siku. Sijui alitia nini. Kama aliandika kwamba nilipiga kelele barabarani, ni kweli, lakini si sana. Pélagie aliponikuta kisimani hakuimba kitu, alinisaidia kubeba. Na Papa Timothée alituma samaki alipozaliwa Aziza. Nikawapokea, nikarudisha kikapu na unga ndani, hakikurudi. Mahindi tulikula yote, nyeupe na manjano, chungu kimoja. Hiyo ndiyo ilituvusha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hii ndiyo barua.

Mwezi uliopita wazungu walianguka kutoka angani na vitambaa vikubwa kama miavuli, na soda wa serikali wakaingia na wazungu wa bunduki. Simba walikimbia, na kabla ya kukimbia walifanya mambo ambayo sitayatia ndani ya barua. Tulifikiri imekwisha. Haikuisha, imegeuka tu. Sasa wanatafuta vijana. Kijana yeyote anayetoka upande wa mito anaulizwa: miezi hii yote ulikuwa wapi? Kama jibu halipendezi, anapakiwa ndani ya kamioni. Inatosha jirani anyooshe kidole. Mutoto wa Mama Fatouma alitoka kutafuta chumvi, hajarudi, na yeye hakuwa na kitu, alikuwa anashona nguo.

Mwaka muzima nimekuita. Ukuje, ukuje, ukuje, mpaka herufi zenyewe zilichoka. Leo nakuambia mimi mama yako: usikuje. Kaa Yahuma. Ingia ndani ya shamba, lima, fundisha watu wako mambo ya upepo, ota ndevu, sema wewe ni mutu wa pale. Usipande mutumbwi wowote mpaka nikuite mimi, kwa mukono huu mubaya unaouona hapa. Mutu mwingine akikuita, hata kwa jina langu, usiitike.

Célestine hakubali. Anasema mutoto anacheka sasa, baba yake lazima amuone kabla meno hayajatoka. Jana alikuwa ameshaandika barua yake, "ukuje haraka", na ameshampata mutu wa kuipeleka. Niliiona juu ya meza. Sikuichana, Mungu ni shahidi. Nilimuomba. Alfani, nilimuomba mukwe wangu, nimekaa chini kwa mukeka na yeye yuko kwa kiti. Alisimama, akaitia barua motoni mwenyewe, kiisha akaniambia, "Lakini nimekasirika, Mama, na usinisemeshe."

Donc simsemeshi. Tangu jana anapiga sufuria kama anapigana na maadui, anafagia pale nimekaa, anaimba nyimbo za padri kwa sauti ili nisikie. Chumvi ametia nyingi makusudi. Nimekula yote.

Kaa kule, mutoto wangu. Huku kuna mutu amekasirika chumba cha pili, namsikia. Nyumba haijanyamaza.

Mama yako,
Mwanahamisi